Homa na Hesabu ya Bosi

Leo siwaletei habari za Bunge wala za Coastal Union. Nataka tuzungumze jambo linaloamuliwa kila alfajiri katika mji wetu huu wa Tanga, toka Makorora mpaka Mabawa, kabla hata birika halijainjikwa jikoni. Mtu ameamka, kichwa kizito, viungo vinauma, mwili unawaka moto. Aende kazini au alale?

Wengi wetu tumelelewa kwa kuambiwa tujikaze. Jikaze kisabuni, mtoto wa kiume halazwi na mafua. Mwanamke ndiyo kabisa: yeye hata hiyo nafasi ya kuambiwa ajikaze haipati, maana hakuna nyumbani aliyewahi kufikiria kwamba atalala. Huyo nitamrudia. Kwanza niseme msimamo wangu, ili wanaotaka kubishana wajiandae: uamuzi huu haufai kuachiwa mgonjwa peke yake asubuhi ileile ya ugonjwa. Mwenye homa anahesabu vibaya, na asiye na akiba anahesabu vibaya zaidi. Haya ni mambo ya kupanga mtu akiwa mzima.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Magonjwa hayafanani na kazi hazifanani, kwa hiyo anayetaka jibu moja la kumfaa kila mtu leo nitamwangusha. Lakini yako machache ambayo mtu akiyajua hapotei sana.

Joto la mwili ndilo la kutazama mwanzo. Homa ikipanda, moyo nao unakimbia. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, mapigo ya moyo huongezeka kama kumi kwa dakika. Kwa hiyo mwenye nyuzi 39, hata akiwa amejilaza tu kitandani, moyo wake tayari uko kazini. Sasa mtoe huyo kitandani, mpeleke ghalani akabebe mifuko ya saruji ya kilo 50 jua likiwa utosini. Isitoshe, baadhi ya virusi vinavyoleta mafua makali vinaweza kuushambulia msuli wa moyo wenyewe, na kazi nzito wakati huo ni ya kuogopwa kweli. Wako wanamichezo vijana, wenye nguvu zao, waliopoteza maisha namna hiyo.

Madaktari wa michezo huiweka shingo kuwa mpaka. Dalili zikiwa juu ya shingo, yaani kamasi, chafya, koo linalowasha, mchezaji anaruhusiwa mazoezi mepesi. Zikishuka chini ya shingo, yaani kikohozi cha kifuani, mwili mzima kuuma, tumbo kuharisha, au kukiwa na homa, anaacha. Ni kanuni ya uwanjani, lakini sioni kwa nini isimfae kuli wa bandarini au saidia fundi.

Na hapa lazima niisemee panadoli. Si dawa mbaya, lakini inatumika vibaya sana. Mtu anameza mbili saa moja asubuhi, saa mbili joto limeshuka, anatangaza kwamba amepona. Hajapona. Dawa imeshusha joto kwa muda wa saa nne mpaka sita, basi. Saa saba mchana utamkuta amejikunja nyuma ya ghala anatetemeka, anameza mbili nyingine. Mtu mzima haruhusiwi kupitisha vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima, usiku na mchana, kwa sababu ini ndilo linaloumia, na linaumia kimyakimya. Ukitaka kujua kama homa imekwisha, tazama kama imekaa saa 24 bila kurudi na bila wewe kumeza chochote cha kuishusha.

Malaria nayo ina kituko chake. Watu wetu siku hizi wanapima, na hilo ni la kushukuru. Kipimo kile cha haraka cha tone la damu hakimalizi nusu saa. Akikutwa nayo, anapewa mseto. Kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne papo hapo, vinne baada ya saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Sasa siku ya pili homa inaondoka, mtu anajisikia mwepesi, anarudi kazini. Vidonge vilivyobaki anaviweka juu ya kabati, eti vitamfaa siku nyingine. Hapo amefanya makosa mawili kwa mpigo: amekatisha dawa, na ameirudisha kazini damu ambayo wadudu hawajaisha. Niongeze kwamba dawa hii inafyonzwa vizuri ikienda na chakula chenye mafuta, japo maziwa. Anayekimbilia kazini na tumbo tupu anaipunguzia nguvu. Tena, mgonjwa akianza kutapika kila anachokunywa, akaongea maneno yasiyoeleweka, akashikwa na degedege, akahema kwa shida au akakojoa mkojo mweusi kama kahawa, hilo si la kupumzika nyumbani. Ni hospitali, saa hiyohiyo.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana najua wako wanaoutafuta. Kulala si dawa ya kila kitu. Chukua maumivu ya kiuno na mgongo, haya ya kuinama na kunyanyua. Zamani daktari alikwambia ulale chali juu ya ubao wiki nzima. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa Jiji la Helsinki, kule Finland. Wagonjwa wa mgongo waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza waliambiwa walale kitandani siku mbili, wa pili wakapewa mazoezi ya mgongo, wa tatu wakaambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi ni hawa wa tatu. Waliochelewa kuliko wote ni wale waliolala. Basi mgongo ukikamata, usibebe magunia, lakini usigande kitandani pia. Tembea, zunguka, fanya kinachowezekana. Isipokuwa miguu inaishiwa nguvu au haja ndogo inatoka yenyewe. Huo si uchovu wa kawaida, kamuone daktari.

Kadhalika anayeishi na kisukari, presha au selimundu. Huyo akisubiri apone ndipo afanye kazi, atasubiri mpaka kiama. Mwalimu Nyerere alisuluhisha mazungumzo ya Burundi pale Arusha huku akiishi na saratani ya damu, na aliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka aliofariki, 1999. Watu hupenda kumtolea mfano kama mtu aliyejikaza. Sawa, lakini wakumbuke kwamba kazi ile ilikuwa ya kiti, na madaktari hawakuwa mbali naye. Ukimchukulia mfano huo mkata mkonge wa Pongwe, unamwonea.

Kuna jambo ambalo mgonjwa mwenyewe halioni, nalo ni mwenzake. Mafua makali huanza kuambukiza siku moja kabla hujajijua kwamba unaumwa, na huendelea siku tano mpaka saba baadaye, siku tatu za mwanzo zikiwa mbaya zaidi. Karani anayejikaza akaja ofisini anapiga chafya juu ya mafaili, anajiona shujaa. Wiki ijayo ofisi nzima inakohoa, na kazi aliyokuja kuiokoa imelala. Mama ntilie anayeharisha ndiye namwogopa zaidi. Anayeandaa chakula anatakiwa akae mbali na sufuria hadi zipite saa 48 tangu tumbo lilipotulia, si tangu lilipoanza kutulia. Najua ni maneno magumu kwa mama ambaye wali wa leo ndio ada ya kesho. Lakini sahani zake zinakwenda kwa vibarua arobaini.

Na dereva je? Yeye hata ugonjwa ukiwa mdogo, dawa inaweza kuwa kubwa. Piritoni, zile ndogo za manjano zinazouzwa kila duka la dawa kwa ajili ya mafua na mwasho, zinaleta usingizi. Kijana wa bodaboda anazimeza, anapakia abiria wawili mshikaki, anashika barabara ya Pangani. Akipata ajali watu watasema mwendokasi. Mwulize muuza dawa kabla ya kulipa: hii inalaza? Kama inalaza, pikipiki nayo ilale.

Nimefika kwenye fedha, na hapa ndipo penye ukweli wote. Maana haya niliyoyasema kina mama ntilie na kina bodaboda wanayajua, mengine kuliko mimi. Hawalali kwa sababu kulala kuna bei. Mazungumzo haya mmeyasikia:

"Bosi, shikamoo. Leo naumwa, sitoki."

"Marahaba. Pole. Sasa hesabu vipi?"

Hapo pole imekwisha. Pikipiki ni ya bosi, hesabu ni ya kila siku, na ukilala siku tatu unakuta deni la siku tatu linakungoja, au unakuta pikipiki imepewa mwingine.

Si jambo geni katika mkoa huu. Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, Muheza na Korogwe, wanaikumbuka kadi ya kipande. Ilikuwa na siku 30 za kazi, na ujira ulipatikana zikitimia. Siku uliyolala na homa haikuwekewa alama, kwa hiyo mwezi wako ulirefuka mpaka ukajaza kadi. Mjerumani ndiye aliyetuletea mashamba hayo, na cha ajabu, Ujerumani ndiyo nchi iliyotunga, mwaka 1883, sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi wake: mgonjwa wa kiwandani alilipwa nusu ya ujira, akahudumiwa hadi wiki 13. Mwaka uliofuata Mjerumani Carl Peters akashuka Saadani, akaelekea Usagara na mikataba yake. Sheria ya mgonjwa aliiacha kwao.

Leo sisi tunayo yetu, na inanishangaza ni wangapi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Zanzibar wana sheria yao. Ndugu zetu wanaotusikiliza ng'ambo ya Horohoro, Lungalunga na Msambweni, wao wapo chini ya sheria ya Kenya ya 2007: baada ya miezi miwili kazini, angalau siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, kila mwaka. Kwa hili, wenzetu mtatusamehe, sisi tuna nafuu.

Masharti yapo. Uwe umefanya kazi miezi sita. Na kibarua anayeitwa na kuachwa, anaitwa tena na kuachwa, kwa mwajiri yuleyule, miezi yake ikijumlishwa ndani ya mwaka ikapita sita, naye ana haki. Sharti jingine ni cheti cha tabibu aliyesajiliwa, au tabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali. Ndiyo ile karatasi tunayoiita ED. Bila ED mwajiri halazimiki kukulipa. Kwa hiyo ukiumwa, usijifungie ndani siku nne ukinywa maji ya ndimu, halafu siku ya tano ukaenda kudai. Nenda kapimwe, omba ED, piga simu kazini siku ileile, tuma picha ya karatasi, na karatasi yenyewe itunze.

Hapa niwaseme kidogo wale wanaonunua ED ili wapate kwenda harusini Lushoto. Ninyi ndio mnaomfanya afisa utumishi amtazame mgonjwa wa kweli kama mwizi. Acheni.

Sheria hiyohiyo haisemi kwamba mwajiriwa ni lazima awe na tai shingoni. Dada wa kazi ni mwajiriwa. Yule binti anayelala chumba cha uani, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, akitimiza miezi sita ana siku zake 126 kama meneja wa benki. Ni nyumba ngapi zinazompa hata mbili? Akiumwa, tunampa panadoli na kumwambia apumzike, akishamaliza vyombo. Akizidiwa tunamkatia tiketi ya basi arudi kwao akauguzwe na mama yake, kisha tunaagiza mwingine. Nasema tunamkatia, kwa sababu ninyi mnaonisikiliza mmekaa sebuleni mnazijua nyumba hizo.

Sasa yule mama niliyemwahidi. Mama wa nyumbani hana ED, hana bosi wa kumpigia simu, hana hata wa kumwambia "naumwa" akajibiwa kitu kingine zaidi ya "pole, tutakula nini?" Homa yake inasubiri maji yachotwe, watoto wapelekwe shule, mchana uive, mwanaume arudi. Ndiye anayeulizwa dawa za watoto ziko wapi akiwa amelala na homa yeye mwenyewe. Nimewahi kusikia mabaraza mengi ya kiume yakijadili wanawake wetu wana nguvu gani, na kila mara najiuliza kama ni nguvu au ni kukosa wa kumpokea. Kwa nyumba hizi sina sheria ya kuwasomea. Nina swali moja kwa baba na kwa vijana wakubwa: mama akilala leo, nani anajua kupika uji wa mtoto, nani anajua kadi ya kliniki imewekwa wapi? Kama jibu ni hakuna, basi mama yenu hana ruhusa ya kuumwa, na nyinyi ndio mliomnyima.

Wengine watasema, lakini mbona waliojikaza wapo hai? Wapo. Wako pia watumishi wa serikali wa London, maelfu ya wanaume, waliofuatiliwa kwa miaka na watafiti, na matokeo yakatolewa 2005. Katika wale ambao afya yao haikuwa nzuri, waliokuwa hawachukui kabisa likizo ya ugonjwa walipata mashambulizi makubwa ya moyo mara mbili ya wenzao wagonjwa waliokuwa wakichukua likizo kwa kiasi. Na hao ni watu wa mezani, wenye mshahara usiokatwa.

Tumekuwa tukisikia habari za Bima ya Afya kwa Wote tangu sheria yake ilipopitishwa 2023, na mimi naiunga mkono. Ila tusijidanganye. Bima inamlipa daktari na dawa. Hesabu ya bosi hailipi, unga hainunui. Kijana wa bodaboda akiwa na kadi ya bima mkononi bado atatibiwa saa nne na kurudi barabarani saa sita.

Kwa hiyo, mpaka nchi itakapofika huko, jambo lipangwe kijiweni. Mnao tayari mchango wa msiba, na mwenzenu akifa mnalipa bila kuulizana. Wekeni na wa homa. Si lazima uwe mkubwa: kiasi cha kumtosha mwenzenu chakula cha siku tatu, akileta karatasi ya kipimo, na karatasi hiyo itawaepusha na wajanja. Mkubaliane pia nani atakuwa deiwaka wa nani, yaani wa kumshikia pikipiki, mkiwa wazima, na bosi ajue jina hilo mapema. Deiwaka akiendesha siku tatu, hesabu inapatikana, pikipiki haitoki mikononi mwa mwenyewe, na mgonjwa anamaliza vidonge vyake 24. Mama ntilie nao wana vikoba. Washirikishane jiko, mmoja akiharisha mwenzake apokee wateja wake na kumrudishia siku ya tatu tangu tumbo lilipotulia. Hili linataka kuaminiana, na najua mambo ya wateja yalivyo.

Neno langu la mwisho ni kwenu wenye pikipiki, wenye bajaji na wenye daladala. Huwa mnapigiwa simu alfajiri. Mkipigiwa wiki hii na kijana mwenye homa, kabla ya hesabu mwulizeni amepima, na kama hajapima, mwambieni aende. Hesabu ya siku hiyo msimwandikie deni. Dereva anayetetemeka juu ya pikipiki yako anaendesha mali yako, na nyuma yake amepakia mtoto wa mtu.